Ugonjwa wa Nyangumi

Kabla ya Gaba Duneq, hakuna mtu wa Qaanaaq, mji wa wawindaji kaskazini kabisa mwa dunia, aliyewahi kufa kwa ugonjwa wa nyangumi. Ulikuwa ugonjwa wa kuchekesha. Ulikuja mara moja kwa mwaka, siku ile ya kiangazi ambapo nyangumi wenye pembe waliingia ghubani. Mwanamke aliyekuwa akianika nguo angeiona migongo yao ikipasua maji, angepiga ukelele, na ukelele ungedakwa nyumba kwa nyumba mpaka mji mzima utikisike. Mbwa wangeruka minyororoni. Wanaume wangeacha kahawa ikipoa mezani na kukimbilia kayaki zao, mitumbwi yao myembamba ya kuwindia. Na huko juu kwenye Barafu Kuu, mbali na bahari, wenyeji walioajiriwa katika kambi za wanasayansi wangeanza kuugua mmoja baada ya mwingine. Huyu jino, yule kiuno, wa tatu tumbo. Dawa ilikuwa moja tu: ndege ya kumshusha mgonjwa mjini. Angepakiwa amejikunja kama jongoo, akigugumia kwa maumivu, na ndege ikigusa kiwanja angeruka chini mzima wa afya na kutimua mbio kuelekea pwani, chusa lake likiwa limeshaandaliwa na mkewe.

Aliyeukomesha ugonjwa huo ni Salomine, dada yake Gaba.

Salomine alikuwa msimamizi wa kambi. Ofisi yake ilikuwa kibanda cha mbao kando ya kiwanja cha ndege, chenye redio ya upepo, ramani iliyojaa matundu ya pini, na birika la kahawa ambalo halikuwahi kupoa. Kambi zilizokuwa juu zilimtegemea kama watoto wachanga wanavyomtegemea mama. Wanasayansi walitoboa barafu, wakapima barafu, wakapakia barafu kwenye masanduku. Lakini mafuta ya majiko yao, mkate wao, sabuni yao na ndege yao vyote vilitoka mkononi mwa Salomine. Alianza kama mpishi wa kambi, akawa mtunza stoo, na miaka ilipopita taasisi ya utafiti yenye kambi ikaona kwamba hakuna anayeweza kuziendesha kambi zile kumzidi. Simu za satelaiti zilikuwa bado hazijafika. Kulikuwa na redio tu, na kila jioni kambi zote zilikaa kwenye masafa yale yale, kila moja ikitoa hali yake huku nyingine zikisikiliza.

Watu walisikiliza kwa hamu, kwa sababu Salomine alikuwa na ulimi wa wembe. Kijana mmoja mwanasayansi aliwahi kuomba ndege kwa kuwa upweke ulimzidi. Salomine alibonyeza kitufe na kusema, "Mwambieni atoke nje akaongee na bendera za kiwanja. Zinampungia mkono mchana kutwa, na yeye haitikii. Huo ni utovu wa adabu." Kambi zote zilicheka. Yule kijana hakuomba ndege tena. Inasemekana hakuongea tena redioni mpaka msimu ulipokwisha.

Swali lake la kila siku lilikuwa moja: "Kivuli kipo?" Mawingu yakishuka kwenye Barafu Kuu, mbingu na theluji huwa kitu kimoja cheupe, na rubani hajui ardhi inaanzia wapi. Kwa hiyo mtu wa kambini hutoka nje, husimama kwenye theluji na kutazama miguuni pake. Akikiona kivuli chake, ndege itatua. Asipokiona, ndege ikae ilipo. Tatizo ni kwamba aliyechoka kambi hukiona kivuli hata gizani. Salomine aliwajua. Msimu ulipokaribia mwisho, na hasa nyangumi walipoingia, chochote alichoambiwa kutoka juu alikikata nusu.

Hakuzaliwa na ukali huo. Miaka miwili kabla ya mambo haya, Gaba mwenyewe aliugua tumbo kambini siku nyangumi walipoingia. Alikuwa mdogo wake wa pekee. Mama yao alipokufa, Salomine ndiye aliyemtafunia nyama kabla hajaota meno ya kutosha. Alipeleka ndege mbio. Gaba alishuka kiwanjani amejishika tumbo, akapiga hatua chache za kusikitisha, kisha akanyooka, akambusu dada yake kwenye paji la uso na kukimbia. Watu waliokuwa kiwanjani walicheka hadi wakashikana mabega. Lakini ndege ilipokuwa huku, dhoruba iliifunga kambi nyingine, na mwanasayansi mmoja aliyekuwa akiisubiri alipoteza vidole vya mguu kwa baridi. Wakubwa wa taasisi walikuja kutoka kusini. Walikunywa kahawa ya Salomine, wakamwambia kwa upole kwamba kama watu wa Qaanaaq hawawezi kukaa kambini, watatafutwa watu wengine wanaoweza.

Jioni ya siku wakubwa walipoondoka Gaba alimletea kipande kizuri cha mattak, ngozi ya nyangumi yenye mafuta yake, kikiwa bado kinatiririka maji ya bahari. "Hii ni sehemu ya ndege," alisema akicheka. "Mwindaji anapata yake, mwenye kayaki anapata yake, na ndege nayo isinyimwe." Salomine alikula, kwa kuwa mgawo wa nyama haukataliwi. Ila tangu siku hiyo alibadilika. Nusu ya nyumba za mji ziliishi kwa mishahara ya kambi, na hakutaka zilale njaa kwa sababu ya kicheko.

Kiangazi cha kifo cha Gaba nyangumi waliingia jioni, katika majira ambayo jua la huko halizami. Salomine alisikia ukelele akiwa kibandani. Hansigne, mke wa Gaba, alikuwa ameketi karibu na jiko akishona viatu vya ngozi ya sili, na tumbo lake kubwa la ujauzito likiwa limemzuia kuinama. Alikuwa akija kila jioni kusikia sauti ya mumewe, aliyekuwa fundi wa mitambo katika Kambi ya Juu.

"Leo utawasikia wagonjwa, wifi," Salomine alimwambia.

"Wangu atakuwa wa kwanza," Hansigne alijibu. "Alipoondoka aliniambia chusa nisiliweke mbali."

Thorlak, rubani Mwaisilandi aliyekuwa ameishi nao misimu mingi, aliegemea mlango akila mkate. Salomine alibonyeza kitufe.

"Kambi zote, jioni njema. Msije mkasema nimewaficha: nyangumi wameingia. Mwindaji wetu Nyasaqa ameshaingia majini, na hata mchungaji ameonekana akikimbia. Sasa nasema mapema. Leo sina dawa ya jino, sina dawa ya mgongo, sina dawa ya tumbo. Atakayekufa afe kimya kimya, tumalize hali ya hewa."

Kicheko kilikoroma redioni kutoka kila upande. Kambi ya Kusini ilitoa hali yake. Kambi ya Kaskazini ikafuata. Ilipofika zamu ya Kambi ya Juu, ilisikika sauti ya Gaba.

"Dada, naumwa tumbo."

Alisema hivyo tu. Redio ililipuka. Watu walibonyeza vitufe vyao ili kucheka kwao kusikike, na katikati ya kelele ile ilitoka sauti ya Otoniaq, mlinzi wa kufukuza dubu katika Kambi ya Kaskazini, rafiki wa Gaba tangu utotoni.

"Mwulizeni kama tumbo lina pembe!"

Hansigne aliziba uso kwa ngozi aliyokuwa akiishona, mabega yakimtetemeka kwa kicheko. Thorlak alipaliwa na mkate.

"Umesikia, Gaba?" Salomine aliuliza. "Otoniaq anataka kujua. Tumbo lina pembe?"

Gaba alibonyeza kitufe.

"Lina moja, dada. Upande wa kulia, huku chini."

Basi wakacheka upya, kicheko cha kutoa machozi. Hakuna aliyesikia kwamba mtu yule alikuwa amejibu swali. Alikuwa Gaba, na Gaba hakuwahi kusema jambo bila kulitia mzaha. Hata kwenye maziko ya baba yao aliwachekesha wabeba jeneza.

Mkuu wa Kambi ya Juu, Annelise Krogh, mama wa Kidenmaki ambaye watu walimwita Daktari kwa sababu ya elimu yake, alichukua redio. "Salomine, hajala tangu jana. Mimi nadhani ni kweli."

"Daktari, wewe ni daktari wa barafu. Barafu ikiumwa tumbo nitakuuliza. Mwaka juzi nilimleta huyo huyo akiwa hajala. Unajua alikula nini alipofika? Nyangumi."

"Nakuomba."

"Kivuli kipo?"

"Kipo, kirefu kabisa. Anga ni safi."

Thorlak alijifuta makombo. "Mkuu, naweza kwenda na kurudi mara moja. Ndege imesimama tu."

Salomine alimtazama, kisha akaitazama redio. Alijua kwamba kambi zote zinasikiliza, na kwamba kila mwenyeji aliyekuwa juu alikuwa akingoja kuona kama sheria ya msimamizi inamhusu na mdogo wa msimamizi. Angemchukua Gaba leo, kesho angewachukua wote.

"Ndege kesho inapeleka mapipa ya mafuta Kambi ya Kusini," alisema redioni. "Gaba angoje zamu yake kama watu wengine. Gaba, kunywa chai ya moto ulale. Na hiyo pembe isije ikamchoma Daktari."

"Sawa, dada," Gaba alisema. Kisha akaongeza, "Hansi yupo?"

Hansigne alisogea kwenye kipaza sauti, bado akicheka. "Nipo. Usijali, baba, nitamwambia Nyasaqa akuwekee kipande."

"Sawa," alisema Gaba, na redio ikazimwa.

Asubuhi Annelise Krogh aliita kabla ya muda wake. Alisema Gaba alitapika usiku kucha, lakini alfajiri maumivu yalikatika ghafla na sasa amelala.

"Yamekatika?" Salomine aliuliza.

"Yamekatika kabisa. Anasema hasikii kitu."

Salomine alisubiri kambi zote zilipoingia redioni, kisha akatangaza kwa sauti ya kanisani: "Waungwana, muujiza. Nimemponya mtu kwa redio. Bila kidonge, bila sindano, na bila ndege. Mwenye jino na alete." Hata wanasayansi walicheka. Thorlak alipakia mapipa, akaruka kuelekea kusini.

Wahenga walisema mzaha mzaha hutumbua usaha. Kilichokatika Kambi ya Juu hakikuwa maumivu. Kidole tumbo cha Gaba kilikuwa kimepasuka, na sumu yake ilikuwa ikisambaa taratibu tumboni mwa mtu aliyelala akiamini amepona.

Alasiri Krogh aliita tena, na safari hii hakusalimia.

"Tumbo limekuwa gumu kama ubao. Mwili unawaka. Amelala amekunja magoti na hataki mtu amguse. Ananiita mama."

Hansigne aliacha kushona. Salomine alishika kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Kivuli kipo?"

Daktari alikawia kujibu. "Kipo," alisema.

Ile kukawia ndiyo iliyomtia shaka Salomine. Alitoka nje, akatazama juu kuelekea Barafu Kuu. Wingu zito lilikuwa limelala juu yake kama mfuniko juu ya sufuria. Alirudi ndani.

"Mpeni Gaba redio."

"Hawezi kukaa."

"Mpelekeeni kitandani. Nataka anijibu yeye."

Walisikia vitu vikiburutwa, kisha pumzi fupi fupi za mtu anayepumua kwa shida.

"Gaba. Kivuli kipo?"

Pumzi zilikwenda na kurudi. Thorlak, aliyekuwa amerejea kutoka kusini na bado amevaa glavu, alisimama mlangoni bila kusogea. Lau Gaba angesema kipo, Thorlak angeruka. Na Gaba alijua kwamba Thorlak angeruka, na kwamba angeishusha ndege ndani ya weupe ule, asijue theluji iko wapi mpaka imguse.

"Wamenifungulia mlango, nimetazama nje," Gaba alisema. "Hakipo, dada."

Alikuwa amewahi kudanganya kuhusu tumbo, mara moja katika maisha yake. Kuhusu kivuli hakuwahi.

Hapo ndipo Salomine alipoamini kila kitu, na hapo imani yake haikumfaa mtu yeyote. Alimgeukia Thorlak.

"Nenda."

"Kivuli hakipo, mkuu. Umesikia."

"Nenda ukazunguke. Labda patafunguka."

"Jana palikuwa wazi," Thorlak alisema. Hakusema kwa ubaya, wala hakuwa na haja.

Alikwenda hata hivyo. Alizunguka juu ya wingu mpaka mafuta yakakaribia kuisha, akarudi. Alijaza mafuta, akaenda tena, akarudi tena. Muda wote huo redio ya Kambi ya Juu ilibaki wazi, na kambi zote zilikaa zikisikiliza, na hapakuwa na aliyebonyeza kitufe. Hansigne aliketi sakafuni, mgongo kwenye ukuta, miguu imenyooka mbele yake. Walisikia Gaba akiomba maji, kisha akiuliza kama mlango umefungwa, kisha akizungumza na mbwa aliyekuwa amekufa miaka mingi.

Mara ya tatu palifunguka. Thorlak alitua, wakampakia, akaruka.

Gaba alikufa ndege ikiwa juu ya ghuba, mji ukiwa unaonekana. Thorlak aliwaeleza baadaye, amesimama kiwanjani huku kofia yake ikiwa mkononi. "Tulipofika juu ya maji aliniuliza kama wameingia. Nikamwambia wameingia, wamejaa, kayaki zimewazunguka kila mahali. Akanyanyua nyusi." Hivyo ndivyo watu wa Qaanaaq wanavyosema ndiyo, nyusi kupanda kidogo, bila neno. "Nilipogeuka tena zilikuwa zimeshuka."

Walimzika chini ya mawe, maana ardhi ilikuwa ngumu. Nyumba ya Salomine ilijaa watu, keki na kahawa, na kila aliyeingia alimshika mkono na kumwambia hakuna aliyejua. Yeye alitamani mmoja wao amwambie kwamba yeye alipaswa kujua. Hansigne hakusema hivyo. Hakupiga kelele, hakumlaumu, hakuacha kumwita wifi. Alikunywa kahawa yake mpaka mwisho wa kikombe.

Mtoto alizaliwa vuli ilipoanza, mvulana, na akapewa jina la baba yake kama ilivyopasa. Mji ulishusha pumzi. Jina likipata mwili mpya, aliyekufa amerudi nyumbani, na waliomlilia wana wa kumbeba. Mtoto wa namna hiyo haitwi mtoto tu. Ni yule yule. Hansigne alimwita "mume wangu" huku akimbadilisha nepi. Wazee waliosafiri naye zamani walimsalimu kama mwenzao. Na Salomine, mwanamke aliyeanza kuota mvi, alitakiwa kumwita mdogo wangu, na mtoto akijua kusema atamwita dada.

Wakati wa baridi Hansigne alipata kazi katika duka. Alimwomba Salomine amshikie mtoto kibandani mchana, na watu wakasema, tazameni moyo wa huyu mwanamke, amesamehe. Kila asubuhi aliingia, akamlaza mtoto juu ya meza karibu na redio, akavua glavu zake polepole.

"Gaba amekuja, wifi."

"Karibu, mdogo wangu," Salomine alisema.

Mtoto alikuwa mwepesi wa kulia. Gesi zilimsumbua, na baadaye meno. Kila alipoanza kulia wakati mama yake yupo, Hansigne alisimama mlangoni, mkono kwenye kitasa, akauliza kwa sauti laini ile ile anayoulizia bei ya sukari:

"Gaba anaumwa tumbo. Leo unamwamini?"

"Namwamini, wifi."

"Haya. Maana yeye hajui kusema ni upande gani."

Kisha alikwenda kazini. Hakusema hivyo mbele ya watu hata siku moja. Na siku Salomine alipojitahidi, akasema, "Wifi, hata wewe ulicheka," Hansigne alimtazama bila kukunja uso.

"Nilicheka," alisema. "Mimi sikuwa na ndege."

Kiangazi kikarudi, kambi zikafunguliwa. Waliokaa redioni waliona kwamba wembe umekuwa butu. Salomine aliuliza kivuli, akaandika, akasema asante. Mwanasayansi akiomba betri, alipewa betri. Akiomba chokoleti, alipewa chokoleti. Jioni zilikuwa fupi na za kuchosha, na huko kambini watu walianza kulalamika kwamba siku hizi hakuna kinachochekesha.

Ukelele ulipopigwa mjini, Salomine alikuwa na mtoto mapajani. Alibonyeza kitufe na kusema nyangumi wameingia, kwa sauti ya mtu anayesoma bei za mafuta. Kambi ya Kusini ilitoa hali yake. Kisha zamu ya Kambi ya Kaskazini.

"Mama Salomine." Ilikuwa sauti ya Otoniaq, nyembamba, ya kukatika. "Samahani sana. Naumwa tumbo."

Mtoto alikuwa akicheza na waya wa redio. Salomine alimwondoa vidole, kimoja kimoja.

"Upande gani?"

"Wa kulia. Huku chini."

Thorlak aliweka kikombe chake mezani. "Mkuu. Ni Otoniaq huyo."

"Nimesikia ni nani."

"Na unajua ni siku gani."

"Nenda," Salomine alisema.

Alimbeba mtoto mgongoni na kwenda kiwanjani mwenyewe akiburuta machela. Alikuwa amekwisha kumwarifu muuguzi, na maji yalikuwa yakichemka. Ndege ilitua, mlango ukafunguliwa, na Otoniaq akateremka akiwa amejikunja, uso umekunjamana kama wa mzee. Salomine alimshika kwapani. Alihisi uzito wote wa mwili wa yule mtu ukimlalia, na kwa muda mfupi huo alikuwa na furaha ambayo hakuwa ameijua kwa mwaka mzima, kwa sababu safari hii alikuwa amewahi.

"Polepole," alimwambia. "Lala hapa. Polepole, mwanangu."

Otoniaq alitazama machela. Alitazama upande wa maji, ambako kayaki zilikuwa zimeshatawanyika. Kisha akanyooka.

"Utanisamehe, mama," alisema, na akakimbia.

Watu wachache waliokuwa kiwanjani walitazama chini. Halafu mmoja akakoroma puani, mwingine akashindwa kujizuia, na wakacheka kile kicheko cha zamani cha kushikana mabega. Mtoto aliyekuwa mgongoni, aliposikia wanacheka, naye akacheka.

Juma lile waliumwa matumbo kila kambi. Wote walikuwa wamejifunza kusema upande wa kulia. Thorlak alipinga, akapaza sauti, mwishowe akanyamaza na kuruka tu, na Salomine alimpokea kila mgonjwa kwa machela na maji ya moto, kwa sababu alishindwa kujua ni yupi kati yao atakuwa wa kweli. Hakuna aliyekuwa wa kweli. Mapipa ya mafuta hayakupelekwa. Annelise Krogh alifunga Kambi ya Juu kabla ya wakati, majiko yakiwa yamezimika na nguzo za barafu alizochimba kwa utafiti zikiwa zimeachwa ndani ya shimo. Wakubwa wa taasisi walikuja tena kutoka kusini. Walikunywa kahawa ya Salomine, wakamwambia kwa upole kwamba msimu ujao walinzi na mafundi watatoka ng'ambo, na msimamizi pia.

Mji ulipopata habari hiyo haukumcheka tena. Ulimlaumu. Wake wa wale wale waliokimbilia pwani walisema dukani, kwa sauti ya kufika mbali, kwamba yeye alikuwa mkali pale ambapo hakupaswa na mlegevu pale ambapo hakupaswa. Hansigne, nyuma ya kaunta, aliwapimia sukari yao na kuwarudishia chenji.

Otoniaq alikuja kibandani siku ambayo Salomine alikuwa akifungasha vitu vyake. Hansigne alikuwepo, amekuja kumchukua mtoto. Otoniaq alikuwa ameshika kipande kikubwa cha mattak, cheusi na cheupe, kilichokatwa vizuri kwenye ubavu.

"Sehemu ya ndege, mama," alisema. "Gaba ndiye aliyetufundisha."

Salomine hakunyoosha mkono.

"Pokea, wifi," Hansigne alisema. "Gaba anaipenda sana. Umesahau?"

Mgawo wa nyama haukataliwi. Salomine alichukua kisu, akakata kipande chembamba, akampa mtoto, ambaye alikinyonya mafuta yakimchuruzika kidevuni. Kisha akakata cha kwake na kukitia mdomoni. Mattak ni ngumu, inataka meno na subira. Otoniaq alibaki mlangoni akimtazama, kama anavyotakiwa mtoaji, na Hansigne alimtazama pia, mpaka alipomeza.

"Tamu?" Otoniaq aliuliza.

Salomine alinyanyua nyusi.